SOMO: PICHA YA ZIWA KWA MCHANGA NA KOLE



Sisi wa sekisio ya pedagogi tuliombwa kuandika kitu ambacho kila mmoja anaweza kufundisha wadogo zake nyumbani wakati wa vakansi. Tulichagua picha ya ziwa, ile ambayo mtoto anaweza kuipapasa kwa vidole. Watoto wa hapa Kalemie wanajua Tanganyika tangu kubebwa mgongoni. Tena kwenye masomo ya Siku ya Bwana wanasikia habari ya tufani katika Marko 4, na ile Bahari ya Galilaya nayo ni ziwa tu, urefu wake kilomita 21. Letu linapita kilomita 650! Basi mtoto achore tufani kwa maji anayoyaona mwenyewe.

Kwanza kole. Inaomba vijiko viwili vya unga wa muhogo. Hapa mama atasema, na iko na haki, unga ni bei. Sisi tunaomba ule unaobaki katika kinu. Ukoroge na maji baridi, halafu umwage ndani ya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka inaanza kuvutika. Kazi ya moto ni yako, si ya mtoto. Kisha siku mbili inachacha, kwa hiyo usipike nyingi.

Mchanga wa ziwa muuoshe na kuukausha, kama siyo vile haushiki. Rangi hatununui: makaa ya kusaga, majivu, udongo mwekundu, na bule ya kufulia kidogo tu. Kartoni nayo ibandikwe karatasi ya kaye mbele na nyuma. Ukibandika upande mmoja tu itajikunja sawa jani kavu. Iwekwe kivulini, chini ya jiwe.

Mawimbi ndiyo furaha yao. Paka kole iliyochanganywa na mchanga, tabaka nyembamba (nene inapasuka), na mbele haijakauka mtoto apitishe kichanuo kilichovunjika. Povu ni maganda ya yai. Nyavu ni nyuzi za gunia. Magamba ya samaki yanang'aa vizuri, lakini yaoshwe sana: paka mmoja alitubebea picha nzima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kushika mkono wa mtoto. Picha ikawa yetu, yeye akaenda kucheza. Sasa tunampeleka kwanza kando ya maji na kumwuliza: leo ziwa iko namna gani? Asubuhi ni kijivu. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kusini ukipiga, ni nyeupe juu ya nyeusi. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndakala ni sawa mji. Bule peke yake haitoshi.

Kuna mtoto mmoja wa miaka sita ambaye nyumba yao iliingiwa na maji wakati ziwa lilipanda katika 2024. Wenzake walibandika mitumbwi. Yeye alichora nyumba, halafu akaweka mchanga juu ya mlango, juu ya dirisha, juu ya paa, mpaka nyumba haikuonekana tena. Mmoja wetu alitaka kumwambia: hapana, maji inakaa chini. Tulimzuia. Tulimwuliza tu, na watu wako wapi? Akaonyesha pembeni, juu, mahali ambapo hakukuwa kitu.

Kesho yake alirudi kuomba kole. Pale pembeni akabandika vipande sita vya ganda la mti, akavihesabu mara mbili, kimoja kidogo sana. Kartoni ilikuwa nzito hata msumari haukuishika. Tuliiegemeza ukutani, karibu na mlango, na mama yake alipokuja kumchukua aliipapasa muda mrefu.