SOMO LA MWEZI: MAFUTA YAKIPUNGUA, MKULIMA WA CHAI AFANYE NINI?



Mwezi huu somo letu si la kupogoa michai wala la kuogesha ng'ombe. Ni somo la mafuta: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Labda utasema, "Mimi sina gari, mafuta yanihusu nini?" Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

1. Mafuta hutoka wapi?

Mafuta huchimbwa chini ya ardhi. Kisima cha mafuta si kama ng'ombe, ambaye ukimlisha jioni atakupa maziwa asubuhi. Ni kama ghala la mahindi: kila debe unalotoa halirudi. Uingereza, kwa mfano, ilifikia kilele cha kuchimba mafuta ya baharini mwaka 1999, na tangu hapo yamekuwa yakipungua. Visima vipya hupatikana, ni kweli, lakini vingi viko mbali zaidi, au chini zaidi, na gharama yake ni kubwa.

Na sisi Kenya je? Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ilisafirishwa kutoka Mombasa. Lakini mafuta ghafi hayawashi taa mpaka yasafishwe, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo mafuta tunayonunua Kericho, Litein, Bomet na Sotik yamekuja kwa meli kutoka ng'ambo. Vita vikizuka mbali, bei hupanda dukani kwetu.

Wazee wanakumbuka. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta, na kufika Januari 1974 bei ya pipa moja ilikuwa imepanda kutoka dola 3 hivi hadi zaidi ya dola 11. Vijana nao wanakumbuka Aprili 2022, watu walipopanga foleni wakiwa na mitungi mitupu. Na mwezi wa Septemba 2023 lita moja ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa, zote zilipita shilingi 200 Nairobi.

Hatusemi mafuta yatakwisha kesho. Tunasema kwamba yatakuja kwa bei isiyotabirika, na siku nyingine yatachelewa.

2. Mafuta yamo wapi katika shamba lako?

(a) *Katika lori la majani.* Mimi mwenyewe nina michai kidogo. Siku moja ya Aprili 2022 tulipeleka majani kituoni saa nane mchana. Lori lilikosa dizeli likafika usiku wa manane. Nilipotia mkono ndani ya mfuko wangu, majani yalikuwa na joto kama uji, na rangi yake imegeuka kuwa ya shaba. Kilo 38 zilikataliwa. Kazi ya siku nzima ilitupwa, na wachumaji walinidai haki yao vilevile.

(b) *Katika mfuko wa mbolea.* Mbolea ya chai ya 26:5:5 ina naitrojeni kilo 13 katika kila mfuko wa kilo 50. Viwanda vingi duniani hutengeneza naitrojeni hiyo kwa gesi asilia, ambayo ni ndugu ya mafuta. Ndiyo sababu mwaka 2022 mfuko mmoja wa mbolea ulipita shilingi 6,000 madukani, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku.

(c) *Katika taa na stovu.* Mwaka 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia watu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Bei ya mafuta ya taa ikapanda.

3. Hesabu ya nyumbani

Chukua kalamu. Tuseme nyumba yako hutumia robo lita ya mafuta ya taa kwa siku, na lita moja ni shilingi 150.

Kwa siku 30: lita 7½ × 150 = shilingi 1,125.
Kwa miezi 12: 1,125 × 12 = shilingi 13,500.

Sasa tuseme kilo moja ya majani mabichi hulipwa shilingi 25 kwa mwezi. Gawanya 13,500 kwa 25. Utapata kilo 540. Kilo 540 za majani mawili na chipukizi umezichuma kwa ajili ya taa na moshi! Fanya hesabu hii tena kwa bei za kwenu.

4. Mambo matano ya kufanya

*Kwanza, badili taa.* Koroboi hutoa moshi unaoumiza macho na kifua cha mtoto anayesoma, na ikianguka huchoma nyumba. Taa ya jua hununuliwa mara moja. Kabla ya kununua, uliza dhamana yake, na uone kama betri yake inaweza kubadilishwa.

*Pili, tumia samadi jikoni.* Ng'ombe wawili wanaolishwa zizini wanaweza kutoa samadi ya kutosha mtambo mdogo wa gesi ya kupikia. Masalio yake si taka. Ni mbolea nzuri ya nepia na mboga. Mtambo ni ghali, basi zungumzeni katika chama chenu cha ushirika kabla ya kukopa. Asiyeweza mtambo atumie jiko la kuhifadhi moto na kuni zilizokauka vizuri.

*Tatu, panda kuni zako.* Panda mikalitusi mahali pakavu, mbali na chemchemi na kingo za mito, kwa maana mti huu hunywa maji mengi. Kaliandra na mgrivelia hufaa mipakani. Kaliandra hulisha ng'ombe na kutoa kuni pia. Kumbuka kwamba viwanda vyetu vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni. Asiye na miti atagombania kuni na kiwanda, na kiwanda kina lori.

*Nne, acha matawi ya kupogoa shambani.* Hapa wengi hukosea. Mafuta ya taa yakipanda, mama watoto hana la kupikia, basi hubeba matawi ya michai yaliyopogolewa. Lakini majani na matawi hayo yakioza chini ya michai hurudisha chakula katika udongo na kuzuia mmomonyoko. Ukiyachoma jikoni, utanunua chakula hicho tena katika mfuko wa mbolea. Usimlaumu mama. Mpandie kuni.

*Tano, linda majani yako yakingoja lori.* Kamati ya kituo impigie simu karani wa kiwanda asubuhi, kabla ya kuchuma, kujua kama lori litafika na saa ngapi. Usishindilie majani mfukoni. Yaweke kivulini, na lori likichelewa yatandaze juu ya meza za kituo na kuyageuza. Laiti ningalijua hivyo mwaka 2022, labda kilo 38 zangu zingalipona.

5. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kisima cha mafuta kinafananishwa na ghala, si ng'ombe?
2. Mama mmoja hutumia nusu lita ya mafuta ya taa kwa siku. Lita moja ni shilingi 160. Atatumia shilingi ngapi kwa siku 30?
3. Taja hasara mbili za kubeba matawi ya michai jikoni.
4. Kituo chenu kitafanya nini lori likichelewa saa sita?

Jibu la swali la pili ni shilingi 2,400. Jibu la swali la nne haliko katika gazeti hili. Lipangeni wenyewe katika mkutano wa kituo, mliandike, mlibandike ukutani. Penye shida, mwiteni Bwana Shamba.

Ndugu, mwaka huu anza na jambo moja tu kati ya hayo matano. Akiba haiozi.