Somo la Mwezi: Kijiji Kilichojifungia Mpaka

Masomo ya kusoma kwanza: Mathayo 5:23–24, Yohana 10:11–15.



Baadhi yetu tuna watoto na jamaa wanaokaa Uingereza, na mara kwa mara mmoja wetu hujaliwa kwenda kuwatazama. Wakirudi hutusimulia habari za London: jumba la mfalme, daraja la mto Thames, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Hayo ni mema. Lakini viko vijiji vidogo vyenye mafundisho makubwa, na mwezi huu tutembee pamoja katika kimojawapo. Kijiji chenyewe ni Eyam, nao wenyeji hulitamka jina hilo "Iim". Kipo katika nchi ya vilima ya Derbyshire, kusini-magharibi ya mji wa Sheffield.

1. Uani mwa kanisa

Mgeni na aanzie kanisani, kwa Mtakatifu Laurenti. Uani ataona msalaba wa jiwe uliochongwa yapata miaka 1,200 iliyopita. Karibu na msalaba huo pana kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi, aliyefariki tarehe 25 Agosti 1666. Hatua chache kutoka kanisani zipo nyumba ndogo za mawe, na mbele yake vibao vyenye majina ya watu waliofia humo.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiua maelfu ya watu London. Yasimuliwa kwamba mshonaji mmoja wa Eyam aliletewa kutoka huko robota la vitambaa, na vitambaa vile vilikuwa na viroboto wenye ugonjwa. Msaidizi wake, George Viccars, aliugua akafa, akazikwa tarehe 7 Septemba 1665. Baada yake wakafuata wengine, nyumba kwa nyumba. Wakati wa baridi vifo vilipungua, watu wakadhani msiba umekwisha. Ulipofika mwezi wa Juni 1666, tauni ikarudi kwa nguvu.

2. Watumishi wawili wasiopatana

Hapa ndipo pana kiini cha somo letu. Kasisi wa mtaa alikuwa William Mompesson, kijana wa miaka chini ya thelathini, aliyefika mwaka 1664 tu. Watu hawakuwa wamemzoea. Wengi wao walimpenda mchungaji wao wa zamani, Thomas Stanley, aliyekataa kuikubali sheria ya mwaka 1662 iliyowataka wachungaji wote wakifuate Kitabu cha Sala. Kwa ajili hiyo Stanley hakuruhusiwa tena kuhudumu kanisani, lakini alikuwa bado akikaa kijijini.

Fikirini hali hiyo. Mmoja ana cheo lakini hana mioyo ya watu. Mwingine ana mioyo ya watu lakini hana cheo. Kila mmoja angeweza kumngojea mwenzake ashindwe. Badala yake walikutana, wakashauriana, wakasimama pamoja mbele ya watu na kuwaomba mambo matatu. Kwanza, kila jamaa wazike maiti wao wenyewe karibu na nyumba zao, upesi, bila kungojea uani mwa kanisa. Pili, kanisa lifungwe, na ibada ifanyike nje, kila nyumba wakisimama mbali na wenzao. Tatu, mtu yeyote asitoke nje ya mpaka wa kijiji, ili ugonjwa usiende kwa majirani. Watu wakakubali.

3. Mahali pa kutembelea nje ya kijiji

Bonde walilosalia laitwa Cucklet Delf, na mpaka leo ibada ya ukumbusho hufanyika Jumapili ya mwisho ya Agosti.

Njiani kuelekea kijiji cha jirani, Stoney Middleton, lipo jiwe la mpaka lenye matundu sita. Watu wa Eyam waliweka fedha katika matundu hayo na kuyajaza siki, maana waliamini kwamba siki husafisha. Majirani walileta chakula, wakachukua fedha, wakaenda zao. Kaskazini ya kijiji ipo chemchemi iliyotumika vivyo hivyo, nayo yaitwa Kisima cha Mompesson.

Mgeni akiendelea atafika Chatsworth, jumba maarufu la ukoo wa Devonshire. Sehemu kubwa ya jumba aonalo leo ilijengwa upya kuanzia mwaka 1687, lakini bwana wa Chatsworth wa wakati ule wa tauni ndiye aliyepeleka vyakula na mahitaji kwa watu wa Eyam. Kijiji kisingeweza kujifunga kama wa nje wasingekilisha.

Mwisho, mashariki ya kijiji, katikati ya shamba, upo ukuta mdogo wa mawe wa duara. Ndani yake ni makaburi ya jamaa ya Hancock. Katika siku nane za Agosti 1666, mama Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wake sita kwa mikono yake mwenyewe. Hapo maneno huisha. Mgeni na asimame kimya.

4. Tujifunze nini?

Ugonjwa ulikoma Novemba 1666. Watu kama 260 walikuwa wamekufa. Vijiji vya jirani vilisalimika.

Tusiifanye habari hii kuwa hadithi ya malaika. Wenye uwezo baadhi yao walikuwa wamekwisha kuondoka mapema. Mompesson mwenyewe alikuwa amewapeleka watoto wake wawili kwa jamaa zake nje ya kijiji, na wako wanaomlaumu kwa hilo hata leo. Lakini yeye na mkewe walibaki, na mkewe akafa.

Tena, watu wale hawakujua chanzo cha tauni. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1894 na daktari Alexandre Yersin huko Hong Kong. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 juu ya vifo vya Eyam ulionyesha kwamba maambukizo mengi yalitoka kwa mtu hadi mtu, hasa ndani ya nyumba. Basi kukaa kwao pamoja kuliwagharimu wao wenyewe.

Nasi si wageni wa mambo haya. Kuanzia mwaka 1980 tauni iliwasumbua ndugu zetu wa Lushoto kwa miaka zaidi ya ishirini, ingawa siku hizi ina dawa. Na mwaka 2020, Korona ilipokuja, tulijua ni vigumu namna gani kumwambia mtu asiende msibani.

Lipo jambo moja zaidi. Mompesson alipohamishiwa mtaa wa Eakring miaka michache baadaye, watu wa huko walimwogopa. Yasimuliwa kwamba ilimbidi akae kwanza kibandani nje ya kijiji, mpaka hofu ilipopungua. Mtu aliyejitoa kwa ajili ya majirani hakutakiwa na majirani wapya! Nasi tujiulize twawapokeaje wanaotoka hospitali, wenye kifua kikuu, na wajane waliouguza waume zao.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Mompesson na Stanley hawakumaliza ubishi wao juu ya Kitabu cha Sala, lakini walifanya kazi pamoja. Katika mtaa wetu, ni nani wasiosemezana ambao kazi ya Mungu yawangojea?
2. Je, kasisi alikosea kuwaondoa watoto wake? Wewe ungefanyaje?
3. Nyumba ya jirani ikipata ugonjwa wa kuambukiza, sisi tulio nje tutaweka nini juu ya "jiwe la mpaka"?
4. Ni nani kati yetu amepona, lakini bado tunamweka kibandani?

Bwana atujalie upendo unaojua kukaa, na upendo unaojua kupokea. Amina.