Samaki, Chumvi au Jahazi? Somo kutoka kwenye Chemsha Bongo

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kuungama. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza napitia chumba cha magazeti pale maktaba, na siendi kusoma habari za uchumi. Nafungua moja kwa moja ukurasa wa chemsha bongo, ule wenye visanduku vyeusi na vyeupe. Nanakili fumbo lote kwenye daftari kwa penseli, maana gazeti ni la wote. Ila si wote wenye ustaarabu huo. Kuna mtu hapa chuoni, bado sijamjua, hutangulia na kujaza visanduku kwa peni ya bluu. Angekuwa anapatia ningemsamehe. Tatizo anajaza nusu, na nusu ya hiyo nusu amekosea, halafu anaondoka zake.

Wenzangu wa kimbwetani hunicheka. "Kaka, test ya saikolojia ni Ijumaa, wewe unatafuta mto wa Uingereza wenye herufi nne?" Wana haki ya kucheka. Lakini katika makala haya nataka kueleza kwa nini siachi, na pia jinsi fumbo moja nililolitunga mwenyewe lilivyoniaibisha mbele ya darasa zima wakati wa mafunzo kwa vitendo. Kwa sisi tunaosomea ualimu, nadhani aibu ile ina somo kubwa kuliko raha.

Lilikotoka fumbo hili

Fumbo la maneno la aina hii lina umri wa zaidi ya karne moja. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alichapisha fumbo lenye umbo la almasi katika gazeti la New York World la Marekani. Aliliita Word-Cross; baadaye maneno hayo mawili yakabadilishana nafasi. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu kizima cha mafumbo hayo na watu wakapagawa nayo. Mwaka huohuo gazeti la New York Times liliyabeza kuwa ni kupoteza muda. Mwaka 1942 gazeti hilohilo likaanza kuchapisha la kwake.

Sisi tulikuwa na letu kitambo. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, mtegaji anakwambia "Nipe mji," unatoa mji, unapewa jibu palepale. Chemsha bongo ya gazetini haina huruma hiyo. Jibu linatoka kesho, na kesho ukienda kulitafuta unakuta gazeti limeshafungiwa maandazi.

Raha na karaha

Karaha kubwa ni lile neno unalolijua lakini halitoki. Mwaka 1966 wanasaikolojia Roger Brown na David McNeill waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu ya Kiingereza, kisha wakawataka wataje neno lenyewe. Waliokwama, wale waliohisi neno liko kwenye ncha ya ulimi, mara nyingi waliweza kutaja herufi yake ya kwanza au idadi ya silabi zake kabla ya kulipata. Yaani neno huja vipandevipande. Ndiyo maana herufi moja tu iliyokwisha kujazwa inaweza kukufungulia neno zima.

Muhula uliopita nilikwama kwenye "Chombo cha kuhifadhia nafaka, herufi saba." Nilikuwa na K mwanzoni. Nilikiona kabisa kitu chenyewe nyuma ya nyumba ya bibi yangu, lakini jina hakuna. Nikaacha, nikaenda kipindini, nikasahau. Mchana niko kwenye foleni ya chakula nikaropoka, "Kihenge!" Mama ntilie akanitazama: "Hiyo ni mboga gani, mwanangu?" Graham Wallas, katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu sanaa ya kufikiri, aliitaja hatua hii. Unahangaika na swali, unaliacha kidogo, akili inaliatamia kama kuku na mayai yake, kisha jibu linaanguliwa. Ila kumbuka, kuku haatamii yai ambalo halijatagwa. Kuhangaika kwanza ni lazima.

Karaha nyingine ni mafumbo ya magazeti ya Kiingereza. Mengi ya ninayokutana nayo yametungwa kwa ajili ya watu wa kwingine. Leo naijua Erie, ziwa la Amerika Kaskazini, kwa sababu tu ina herufi nne na tatu kati yake ni irabu, kwa hiyo watungaji wanaipenda mno. Sijawahi kuihitaji popote pengine.

Kuhusu masomo yetu, kuna utafiti mmoja wa kuukumbuka kabla ya UE. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kuwa maneno ambayo mtu ameyazalisha mwenyewe, kwa mfano kutokana na dokezo na herufi ya kwanza, huyakumbuka vizuri zaidi kuliko yale aliyoyasoma tu. Sasa fikiria madesa tunayorithishana mwaka hadi mwaka. Tunayasoma mara tano na kupaka rangi ya njano kila mstari, kisha kwenye mtihani tunabaki na rangi ya njano kichwani.

Siku niliyokosea mbele ya darasa

Nilifundisha Kiswahili Kidato cha Pili. Nilikuwa na imani na mafumbo kuliko busara, nikatunga langu la maneno ishirini, nikalichora ubaoni. Dokezo la saba kulia lilisema: "Hutoka baharini, herufi sita." Jibu langu lilikuwa SAMAKI. Herufi yake ya mwisho, I, ndiyo iliyoanzisha neno la kwenda chini, INI: "Kiungo cha ndani ya mwili, herufi tatu."

Nilikuwa nasahihisha nikipita dawati kwa dawati na peni nyekundu. Binti mmoja, mkimya, ambaye katika wiki tatu alikuwa hajanyoosha mkono hata mara moja, alikuwa ameandika CHUMVI. Nikaweka kosa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lakini inaingia." Nikamjibu, tena kwa sauti ya kusikika, "Chumvi inatoka dukani." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka nao.

Usiku, kwenye chumba nilichopanga, nikachora fumbo upya. C, H, U, M, V, I. Herufi sita, ya mwisho ni I, na INI inakaa palepale. Binti yule alikuwa amepatia. Na kwao ni Lindi, mkoa wa pwani ambako watu wanavuna chumvi kutoka maji ya bahari. Aliyekuwa hajui chumvi inatoka wapi ni mimi. Nikaendelea kuhesabu, nikakuta hata JAHAZI linaingia.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka, nikafuta kosa na kuandika pata. Alisema tu, "Sawa, mwalimu." Siwezi kuwadanganya kwamba tangu hapo alianza kunyoosha mkono kila siku. Alinyoosha mara moja, wiki ya mwisho. Muda wa kurudisha nilichokivunja kwa sekunde mbili haukunitosha.

Kosa lilikuwa wapi?

Nililichunguza fumbo langu kama tunavyochunguza andalio la somo lililofeli. Nikaona makosa matatu, na matatu yote yanatokana na Kiswahili chenyewe.

La kwanza ni hu-. Kiambishi hiki cha mazoea hakibebi upatanisho wa ngeli. Ningeandika "Anatoka baharini," jibu lingekuwa samaki. "Inatoka baharini" ingeruhusu chumvi. "Linatoka baharini" lingekuwa jahazi. Nilipoandika "Hutoka" niliificha ngeli, na milango yote mitatu ikabaki wazi. Kwa mtungaji hu- ni raha tupu. Kwa mfumbuaji ni mtego.

La pili ni irabu. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu. Kwa hiyo maneno yanapokutana kwenye herufi ya mwisho, ushahidi unaopatikana ni mdogo sana. I ya mwisho iliwakubali samaki, chumvi na jahazi bila ubaguzi. Ningepitisha neno la chini kwenye kisanduku cha tatu, tuseme MOTO, basi ile M ingembakiza samaki peke yake, maana herufi ya tatu ya chumvi ni U na ya jahazi ni H. Ukitunga fumbo la Kiswahili, kutanisha maneno kwenye konsonanti.

La tatu ndilo baya kuliko yote: peni. Nilikwenda na majibu niliyokwisha kuyakata kichwani, nikawa natafuta anayefanana na mimi. Mwalimu wa aina hiyo hasahihishi kazi ya mwanafunzi, anasahihisha tofauti kati ya mwanafunzi na yeye.

Jinsi ninavyofumbua sasa

Kwa anayetaka kuanza, nashauri hivi. Anza na maneno mafupi na madokezo yenye upatanisho unaoonekana. Dokezo likianza na "Kinacho-", unajua jibu lina uwezekano mkubwa wa kuanza na ki- au ch-. Jaza kwa penseli. Usiliamini neno lolote mpaka neno jingine linalolikata likubaliane nalo. Kona ikigoma kabisa, usizidi kutafuta maneno mapya. Rudi ulifute lile ulilokuwa na uhakika nalo kupita yote. Mara nyingi ndilo lililoziba njia. Ukikwama, liache, nenda kipindini. Na usikimbilie simu, maana ukishaona jibu kwenye simu umemaliza fumbo bila kulifumbua.

Hiyo ya kufuta neno lenye uhakika ndiyo ngumu kwangu mpaka leo, kwenye fumbo na kwenye majadiliano ya kundi. Nikijikuta nimeng'ang'ania hoja huku kila hoja nyingine inaikataa, namkumbuka yule binti na sauti yake ya chini: "Lakini inaingia."

Niwaachie moja la kwenda nalo kimbwetani. Humsumbua mwanafunzi, herufi saba, ya kwanza ni M. Mimi nimepata majibu matatu na yote yanaingia. Majibu toleo lijalo. Ukishindwa, nipe mji.