MEZA MOJA KWA WATOTO WOTE

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Kutoka 2:1-10, Esta 2:5-11

Somo hili ni kwa ajili yenu mlio pamoja nasi hapa Kampala, na ninyi mlio Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja.

Tangu Bunagana ilipotekwa Juni 2022, na Goma Januari 2025, jamaa kadhaa kati yetu zimepokea watoto waliovuka mpaka bila wazazi. Wengine walikuja wawili au watatu, ndugu wa tumbo moja. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya papa na mama waliowafungulia mlango. Lakini hapa mjini hakuna mgao wa chakula, na kodi ya chumba haingoji. Kumpokea mtoto huchukua siku moja. Kumfanya awe wa nyumbani huchukua miaka. Neno la Mungu linatufundisha nini?

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano ilipofika habari ya kifo cha baba yake Yonathani na babu yake Sauli. Mlezi wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi wakimbizi tunaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Miaka mingi baadaye mfalme Daudi alimtafuta, akamtoa Lodebari. Tazameni mambo matatu aliyoyafanya.

1. Alimwondolea hofu kwanza (9:6-8)

Mefiboshethi alianguka kifudifudi na kujihesabu si kitu. Daudi alimwita kwa jina, akamwambia asiogope. Mtoto aliyetoka vitani anaweza kuficha ugali chini ya godoro, kulala na viatu, kukojoa kitandani, au kukaa wiki nzima bila kusema. Huo si ukaidi, wala si pepo, wala si uchawi. Ni hofu ya mtoto ambaye bado hajaamini kwamba amefika. Asipigwe, asinyimwe chakula, asipelekwe kwa mtu wa kumtabiria. Mwambieni kila jioni kwamba kesho atakula na kulala hapa hapa, kisha mtimize. Hali ikizidi, mpelekeni kituo cha afya, huku tukiendelea kumwombea.

2. Alimtaja baba yake (9:7)

Daudi alisema wazi kwamba anatenda fadhili kwa ajili ya Yonathani, akamrudishia mashamba ya Sauli. Hakumficha asili yake. Wengine hubadili jina la mtoto au kumwandikisha kama wa kuzaa, wakidhani ni upendo. Mnapomwandikisha kwenye ofisi ya wakimbizi ya OPM, semeni ukweli: majina yake, ya wazazi wake, kijiji alikotoka. Msalaba Mwekundu wa Uganda huwasaidia watu kutafuta jamaa waliopotezana nao, na bila majina ya kweli kazi hiyo hukwama. Tena, mjue kwamba katika Uganda kuasili mtoto huamuliwa na mahakama. Kabla ya hapo ninyi ni walezi, na hiyo ni heshima kubwa. Mordekai alimlea Esta uhamishoni, na Biblia haikusahau kutaja kwamba baba yake Esta alikuwa Abihaili.

3. Alimketisha mezani kama mmoja wa wana (9:11)

Mtoto hupima upendo wetu kwa sahani. Kama wa kuzaa anapewa maharagwe na wa kulelewa anaachiwa mchuzi, hahitaji kuelezwa. Msichana aliyepokelewa asigeuzwe mtumishi wa kuchota maji na kuwasha makaa wakati wenzake wanakwenda shule. Kazi zigawanywe kwa wote. Pesa za daftari na sare zikipungua, asiwe yeye daima anayebaki nyumbani.

Ndugu wasitenganishwe

Musa alipowekwa mtoni, dada yake alisimama mbali amwangalie. Dada mkubwa wa namna hiyo yumo katika nyumba zetu. Amewalisha wadogo zake njiani, na sasa hakubali mama mwingine awaogeshe. Msishindane naye. Mshukuruni, mfanye kazi pamoja, na polepole atakubali kuwa mtoto tena. Kama chumba hakitoshi na ndugu wamegawanywa katika nyumba mbili, wakutane kila Jumapili. Mordekai alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake apate habari za Esta.

Wala tusiwasahau watoto wetu wa kuzaa. Nao wamepoteza nafasi kwenye mkeka na muda wa mama. Wasikilizeni bila kuwakemea, ili wivu usigeuke chuki.

Ndugu zetu, Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme, na miguu yake ilibaki vile vile. Tusimngoje mtoto apone kwanza ndipo tumhesabu kuwa wetu.

Maswali ya kujadili
1. Mgeni akiingia nyumbani kwetu wakati wa kula, je, ataweza kutambua ni mtoto yupi wa kulelewa?
2. Je, watoto tuliowapokea wako huru kuwataja wazazi wao?
3. Kikundi chetu kinaweza kuisaidia jamaa gani mwezi huu, kwa unga, makaa au daftari?

Maombi: Tuombe kwa ajili ya watoto wasiojua wazazi wao wako wapi, na kwa ajili ya walezi waliochoka. Bwana awabariki.