Kubadili Ufunguo Bila Kununua Kitasa

Ufunguo ukikudondoka stejini Ukunda na aliyeuokota anapajua kwenu, utalala? Kitasa cha silinda kina pini fupi na ndefu. Ufunguo wake huzisawazisha, moyo ukazunguka.

Ng'oa silinda kwa bisibisi, toa kibanio cha nyuma. Tia ufunguo wa akiba, zungusha kidogo, sukuma moyo kwa kijiti cha unene uleule. Visiachane, ama springi zitaruka uvunguni! Mwaga pini za moyo, tia ufunguo mpya, panga pini za kitasa kibovu hadi zilingane na ukingo. Iliyozidi, ipige tupa. Rudisha moyo ukisukuma kijiti nje.

Mafuta ya nazi hunasa vumbi; tumia unga wa penseli. Na jaribu mlango ukiwa wazi, usije ukajifungia nje.