Vibao vya Njiani na Habari za Milima Yetu



Abiria apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita kona nyingi katika safari ya kilomita 33 hivi. Njiani huona vibao: jina la kijiji, shule, kanisa, umbali uliobaki. Vyamfaa mgeni. Lakini kibao kisemacho "Vuga" au "Mlalo" hakisemi neno juu ya yaliyotokea hapo. Basi somo letu ni hili: je, kibao cha kumbukumbu kiandikweje, na kimkumbuke nani?

Wana wa Israeli walipovuka Yordani walitwaa mawe kumi na mawili (Yoshua 4). Hatusomi kwamba yaliandikwa lolote. Kazi ya mawe ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Kazi ya mzazi ilikuwa kujibu. Mzazi asiyejua jibu, jiwe hubaki jiwe. Tutazame mahali patatu.

1. Vuga. Hapa palikuwa mji mkuu wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu. Kimweri ye Nyumbai alitawala hapa mpaka alipofariki mwaka 1862. Krapf alimtembelea mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Mwaka 1867 Padre Alington wa UMCA alifika Vuga kuomba nafasi ya kazi, na kazi yenyewe ikaanzia Magila, huko Bonde. Mwaka 1868, katika vita vya kugombea utawala, watu wa Semboja waliuchoma mji. Kilwa magofu ya mawe yangalipo. Nyumba za Vuga zilikuwa za miti na majani, zikateketea. Kwa hiyo mahali kama hapa pahitaji kibao kuliko Kilwa, maana macho peke yake hayaoni kitu.

2. Lushoto. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka, na baadaye jina lile likatoweka. Lilibandikwa na mtawala, nalo likaondoka pamoja naye. Hata hivyo mtoto ajifunze kwamba lilikuwapo, ajue na sababu ya kuondoka kwake.

3. Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza hapa mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta mashambani. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini mashamba yalikuwa madogo, kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama, na wengi walihofu kunyang'anywa ardhi. Watu walikataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Kibao cha Mlalo kingesema nini? Kikitaja mmomonyoko bila amri, kingempendelea mtawala. Kikitaja amri bila mmomonyoko, kingewadanganya wajukuu walimao huko leo.

Hapa nina jambo la kukiri. Nilipofundisha chuo cha ualimu nilizoea kuandika ubaoni safu ya watawala: Mbegha, Kimweri, Semboja, kisha Wajerumani na Waingereza. Siku moja mwanachuo alisimama akasema, "Mwalimu, mama yake babu yangu aliuzwa pwani katika vita hivyo. Yeye yuko mstari gani?" Sikuwa na mstari. Hata kitabu kikubwa cha historia yetu, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi na kupigwa chapa na misheni huko Magila, kinaitwa Habari za Wakilindi: ni habari za watawala. Vita vya baada ya Kimweri vilitoa mateka wengi, wakashushwa Pangani na kuuzwa. Wao hawana kibao. Siku ile nilifuta ubao, nikaanza somo upya kwa kuwauliza wanachuo walichosikia kwao.

Basi, kabla ya kusimamisha kibao chochote, na tuulize mambo matatu: Nani anakisimamisha? Nani ametajwa? Nani ameachwa?

KAZI YA NYUMBANI

(a) Chagua mahali pamoja karibu na kwenu: kilima, soko, njia panda, mti.
(b) Waulize wazee wawili wasio wa ukoo mmoja. Andika jina la msemaji na tarehe. Wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili, usiyapatanishe wewe.
(c) Tunga maneno ya kibao, yasizidi arobaini. Awemo angalau mtu mmoja ambaye hakuwa mtawala.
(d) Msomee mtoto. Asipouliza swali lolote, andika tena.

Msingoje. Mbao na saruji zitapatikana hata mwaka ujao, lakini mzee anayejua jibu huenda tusimkute.

Mwalimu mstaafu, Lushoto