GOFU: NI MCHEZO, NI BURUDANI, AU NI KAZI?



Siku moja tulitembelea kikundi cha wasomaji katika kijiji kimoja. Tulikuta mabishano. Redio ilikuwa imetoka kutangaza habari za michezo, na ndani ya habari hizo gofu ilitajwa.

Mzee mmoja alicheka. Akasema, "Huo nao ni mchezo? Watu wazima wanatembea kwenye majani na fimbo, wanapiga kijipira, basi! Hiyo ni starehe tu."

Mzee wa pili alikaa kimya kwanza. Kisha akasema polepole, "Mzee mwenzangu, kijana wangu yuko mjini. Anabeba mifuko ya wacheza gofu. Daftari na sare za mdogo wake zinatokana na hela hiyo. Na wewe kila siku unawaambia watu kwamba amekwenda mjini kucheza."

Watu wote wakanyamaza. Halafu wakatugeukia: "Haya mwalimu, amua wewe."

Siku ile hatukuamua. Tuliahidi kuandika somo. Somo lenyewe ndilo hili.

MANENO YA SOMO

Burudani: jambo unalolifanya ili upumzike na kufurahi.
Mchezaji wa ridhaa: anayecheza kwa kupenda, bila kulipwa.
Mchezaji wa kulipwa: anayecheza ili apate riziki.
Mbeba mfuko: anayembebea mchezaji fimbo zake. Wengine humwita kedi.

GOFU INACHEZWAJE?

Mchezaji hupiga kipira kidogo, kigumu, kwa fimbo. Kipira hicho hakizidi gramu 46. Atakipiga tena na tena mpaka kiingie katika shimo lenye upana wa sentimita 11 hivi. Uwanja kamili una mashimo 18, na kuyamaliza yote ni mwendo wa kilomita kadhaa. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14, zisizidi. Zote hutiwa katika mfuko mmoja. Mfuko huo ni mzito, na ndiyo sababu wachezaji wengi humlipa mtu aubebe.

UBISHI HUU SI WA LEO

Gofu tunayoijua ilikulia Scotland. Mwaka 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, bunge la huko lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu. Kwa nini? Wakubwa waliona watu wanapoteza wakati. Walitaka watu wajifunze kupiga mishale, maana vita vilikuwa karibu.

Mambo yakageuka. Mwaka 1502 Mfalme James wa Nne alinunua fimbo za gofu. Na aliyemuuzia alikuwa fundi wa kutengeneza pinde! Yaani fundi yule yule wa silaha ndiye aliyeuza vifaa vya mchezo uliokuwa umekatazwa.

TUTUMIE MIZANI

Watu wakibishana juu ya uzito wa gunia la mahindi, hawapigi kelele mpaka usiku. Huleta mizani. Na maneno nayo yana mizani yake.

Neno "mchezo" lina maana nyingi. Watoto wakikimbizana, huo ni mchezo. Simba na Yanga wakipambana, huo ni mchezo. Mtu akifanya jambo bila makini, tunasema "analeta mchezo." Basi kabla ya kubishana tuulize: tunasema mchezo upi? Leo tunasema mchezo wa mashindano. Tuupime kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni sheria. Je, gofu ina sheria zinazojulikana? Ndiyo. Uzito wa kipira, idadi ya fimbo na upana wa shimo, vyote vimewekwa.

Kipimo cha pili ni mwili na mazoezi. Ni kweli, hapa hakuna mbio kama za mpira wa miguu. Lakini mwaka 2008 Mmarekani Tiger Woods alishinda mashindano makubwa ya nchi yake, huku mfupa wa ugoko wa mguu wake wa kushoto una nyufa. Alicheza siku tano, jumla ya mashimo 91. Baadaye alipasuliwa goti, akakaa nje ya mashindano kwa miezi mingi. Mtu hafiki hapo kwa kutembea tembea tu.

Kipimo cha tatu ni mashindano yenyewe. Gofu ilikuwamo katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900 na ya St. Louis mwaka 1904. Kisha ikatolewa. Ilirudi Rio de Janeiro mwaka 2016. Jirani zetu wa Kenya wana mashindano yao ya wazi tangu mwaka 1967.

Kwa vipimo hivyo, gofu ni mchezo wa mashindano.

LAKINI MZEE WA KWANZA HAKUKOSEA YOTE

Hebu tuangalie uvuvi. Mtu wa mjini anakwenda ziwani siku ya Jumapili na ndoana yake. Akipata samaki anafurahi, akikosa anarudi nyumbani kula wali. Kwake ni burudani. Mvuvi wa Ziwa Victoria naye ana ndoana. Akikosa samaki, watoto wanalala njaa. Kwake ni kazi. Ndoana ni ile ile, ziwa ni lile lile. Tofauti iko kwa mtu na shabaha yake.

Gofu nayo ni hivyo hivyo. Mtu anayecheza jioni ili apumzishe akili, hata hesabu ya mapigo haimsumbui, huyo anajiburudisha. Si kosa. Basi tusiulize tu, "Gofu ni nini?" Tuulize, "Ni nini kwa nani?"

KISA CHA MBEBA MFUKO

Katika mji wa Brookline, karibu na Boston huko Marekani, alikuwako kijana aliyeitwa Francis Ouimet. Baba yake alikuwa mtunza bustani. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya uwanja wa gofu. Alipokuwa mtoto, Francis alibeba mifuko ya wachezaji katika uwanja ule.

Mwaka 1913 mashindano makubwa ya Marekani yalifanyika pale pale. Francis alikuwa na miaka 20, na alikuwa mchezaji wa ridhaa. Alilingana mapigo na mabingwa wawili wa kulipwa kutoka Uingereza, Harry Vardon na Ted Ray. Kesho yake wakarudia watatu hao. Francis akawashinda wote wawili. Aliyembebea mfuko alikuwa Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10.

Kisa hakikuishia hapo. Francis aliingia katika biashara ya duka la vifaa vya michezo. Mwaka 1916 chama cha gofu cha Marekani kikasema: huyu anapata faida kutokana na mchezo, kwa hiyo si mchezaji wa ridhaa tena. Akazuiwa kushindana na wenzake wa ridhaa. Alirudishiwa haki hiyo mwaka 1918.

Mnaona, ndugu zetu? Mtu alikuwa yule yule, na fimbo zilikuwa zile zile. Jina tu lilibadilishwa, na mlango ukafungwa. Jina tunalompa mtu lina uzito.

JIBU LETU

Sasa tunawajibu wazee wetu. Katika uwanja mmoja wa gofu, saa moja, wanaweza kuwamo watu watatu. Anayeshindana yuko mchezoni. Anayepumzika yuko kwenye burudani. Na kijana mwenye mfuko begani, anayetembea kilomita zile zile huku amebeba mzigo wa mwingine, huyo yuko kazini.

Mzee wetu wa kwanza ana haki ya kutokuipenda gofu. Lakini kuhusu kijana yule, asiseme tena "amekwenda kucheza." Aseme, "amekwenda kufanya kazi." Ni neno moja tu, lakini baba yake atalala vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tangu mwaka 1904 hadi 2016 ni miaka mingapi? Andikeni hesabu.
2. Kwa nini gofu ilikatazwa Scotland mwaka 1457?
3. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Lipimeni kwa vipimo vyetu vitatu. Je, bao ni mchezo wa mashindano au ni burudani?
4. Hapa kijijini kwenu, ni nani afanyaye kazi ambayo watu huiita mchezo? Kila mmoja aandike mistari mitano juu ya kazi hiyo, kisha asome mbele ya wenzake.